Inanuka Upande Gani?

Daktari wetu wa meno hakuanza na meno. Ukiingia chumbani kwake pale Kiirua umeshika shavu, umejiandaa kwa koleo, yeye alikuinua kidevu na kukumulika puani kwa kitochi. Tundu moja, kisha la pili. Halafu alikuuliza kama umeingiza kitu humo ndani. Wazee walichukizwa sana na swali hilo.

"Daktari, mimi niko na wajukuu. Nitaingiza nini kwa pua?"

"Hata mimi sijui," alijibu. "Ndiyo maana nauliza."

Swali lilikuwa na chanzo chake, na alipenda kukisimulia mwenyewe ingawa kilimwaibisha. Miaka yake ya mwanzo kazini aliletewa mtoto kutoka Kibirichia, tundu la kulia la pua linatoa uchafu wenye harufu mbaya, la kushoto kavu kabisa. Daktari akagonga meno ya mtoto moja moja. Akamrudisha nyumbani, akamwita tena, akagonga tena. Siku hiyo ya pili cucu wa mtoto, nyanya yake, aliyekuwa amekaa kimya kwenye benchi na kikapu chake, alichoka kungoja. Akampakata mjukuu, akaliziba tundu lisilo na uchafu kwa kidole, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto na kupuliza pumzi moja ya nguvu. Haragwe likaruka, likaanguka sakafuni. Lilikuwa limeanza kuota.

"Nimesomea hii kazi, nikapewa cheti," Daktari alikuwa akisema, "halafu cucu na kikapu yake akanishinda kwa pumzi moja. Tangu hiyo siku naanza na pua."

Kwa cheo hakuwa daktari. Alikuwa mama wa Embu, afisa wa meno, na alijaribu kutusahihisha mwaka wa kwanza, kisha akatuacha. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na watu wa kwetu, ambao nao hawasemi Kiswahili cha kujivunia, walimwiga akiwa amegeuka. Alijua. Alitulipa kwa maneno yake mwenyewe: "Nyinyi watu wa Meru mnakasirika haraka lakini mnakuja hospitali polepole." Hapo alikuwa amesema kweli tupu, na mimi ni shahidi.

Sisi wa upande huu wa mlima tuna mazoea yetu. Pua ikiziba, ni baridi. Kichwa kikiuma, ni baridi. Shavu likijaa, ni baridi, au ni vumbi la ngano kutoka Timau wakati wa kuvuna. Mtu anavuta kofia ya mavin mpaka kwenye nyusi, anajifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, ananunua vidonge kwa kemisti, anapata nafuu ya wiki mbili, kisha inarudi. Tunaiita sainasi, na mtu anaizoea kama anavyomzoea shemeji mkorofi. Daktari aliishi kati yetu miaka mingi akipigana na neno hilo moja. Hakukataa kwamba baridi ipo. Yeye mwenyewe alivaa sweta mbili mwezi wa saba. Ila alikuwa na kauli yake, aliyoirudia mpaka watoto wa shule wakaikariri: "Matundu yote mawili yakiziba, laumu mlima. Likiziba moja tu, fungua mdomo nione."

Kwenye dirisha la chumba chake kulikuwa na waru moja kubwa, kiazi tu cha kupika. Ameikata katikati, akaichimba ndani kwa kijiko ikabaki na uwazi, na kwa chini ameichoma vijiti vitatu vya kiberiti mpaka ncha zake zinakaribia kutokeza kwenye ule uwazi. Kila Jumatatu alitengeneza nyingine maana ya wiki iliyopita ilishakuwa nyeusi. Ukimuuliza jino linahusiana vipi na pua, alikupa waru mkononi.

"Huu uwazi ni chumba kitupu. Uko nacho hapa, ndani ya mfupa wa shavu, kila upande kimoja. Hivi vijiti ni mizizi ya gego la juu. Ona vile sakafu ni nyembamba. Sasa jino likioza kwa mzizi, usaha utaenda wapi? Unapanda kwa jirani wa juu. Wewe unakunywa dawa ya jirani, na mwenye makosa analala chini hajaguswa."

Hivyo ndivyo alivyoelezwa, kwa simulizi yake mwenyewe, mfanyabiashara mmoja wa miraa kutoka Maua, mzee wa Kiislamu mwenye kofia safi na adabu nyingi. Mzee huyo alitafuna miraa kwa shavu la kushoto maisha yake yote, na upande huo wa uso ulikuwa ukimlemea na kunuka. Miaka yote aliamini ni miraa. Ukafika mwezi wa Ramadhani, akafunga, mchana kutwa hana kitu mdomoni, na harufu ikabaki palepale. Ndipo alipopata hofu. Daktari alifurahi kana kwamba ameletewa zawadi. "Baba, shukuru huo mwezi," alimwambia. "Umeondoa visingizio vyote, ukabakiza jino."

Alikuwa mtu wa kujipinga sana. Alitukataza sukari na yeye mwenyewe alitia vijiko vitano kwenye chai, akikoroga huku amekugeuzia mgongo. Kazi yake ilikuwa kung'oa meno, na hakupenda kung'oa. Watu wetu wakija kwa daktari wa meno wanataka warudi nyumbani na jino kwenye karatasi, waonyeshe. Yeye alikaa nusu saa akikubembeleza ulihifadhi, uende Meru mjini lisafishwe mizizi. Wazee wanaovuta ugoro aliwanyang'anya makopo yao kila alipong'oa gego la juu, akayafungia kwenye droo kwa wiki mbili, chafya isije ikafumua kidonda, kila kopo na jina la mwenyewe. Walilalamika kama watoto, lakini siku ya kumi na nne walipanga foleni asubuhi na mapema kuja kuyachukua.

Na aliogopa ng'ombe. Hilo lilituchekesha kuliko yote. Mume wake alimnunulia ng'ombe mmoja, naye hakuwahi kumkaribia kwa nyuma wala kwa mbele. Alisimama kwenye ua akimpa maagizo yule anayekamua. Lakini maziwa aliyaleta mwenyewe kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa. Baadaye akaanza kuleta mitungi miwili, akasema ameongeza ng'ombe wa pili. Huyo wa pili hakuna mtu aliyewahi kumwona.

Jambo moja tu halikuwa na mzaha kwake. Alichokiona mdomoni mwako hakikutoka nje ya pazia lake. Mama mmoja wa hapa, mtu wa heshima zake, alimwendea kabla ya harusi ya binti yake kutaka kujua kama mkwe mtarajiwa, aliyetibiwa pale, ana meno yaliyooza.

"Anayo meno," Daktari akasema.

"Najua anayo. Nauliza ni mazuri?"

"Mama, mwambie acheke, utaona yale anataka uone. Hayo mengine ni yake."

Yule mama alikasirika miezi mitatu. Nami nilicheka sana niliposikia, bila kujua kwamba siku moja kimya hicho kingenihifadhi mimi, na kwamba mtu mwingine angekigharamia.

Sasa nijitaje. Mimi ni mpimaji wa maziwa. Kituo chetu kiko upande wa Kibirichia, kina jukwaa la saruji na tangi la baridi, na alfajiri wakulima wanapanga mitungi yao kwenye laini mpaka barabarani. Kazi yangu ni kufungua mfuniko, kuinama, na kunusa. Mtu asiyejua anafikiri ni mzaha. Mtungi mmoja ulioharibika ukiingia kwenye tangi unaharibu maziwa ya watu wote, kwa hiyo pua ndiyo inayolinda. Kuna vipimo vingine. Kuna kile cha kujua kama mtu ameongeza maji, na kuna spiriti: unachanganya na maziwa kidogo kwenye kijichupa, yakiganda vipande vipande basi yameanza kuchacha. Kanuni inasema ukitilia shaka, weka spiriti. Lakini mimi nilikuwa nimenusa miaka kumi na miwili bila kukosea, na nilikuwa nimeacha kutilia shaka. Nilijisikia sana, nakubali. Nikisema "rudisha," hakuna aliyebishana.

Kisha maziwa ya watu yakaanza kunuka. Si yote. Mwanzoni mwa laini kila kitu kilikuwa sawa. Lakini kadiri nilivyoendelea, mtungi wa arobaini, wa hamsini, nikiinama tu, harufu ya kuoza inanipanda. Nikiinuka, inapungua. Niliamini ni maziwa. Kwani ungeamini nini wewe? Nafungua mtungi, nainama, inanuka. Nafunika, naondoka, hainuki.

Wanaofika mwisho wa laini ni wale wanaotoka mbali, juu karibu na msitu. Na wa mwisho kabisa kila siku alikuwa mama mmoja mjane mwenye ng'ombe mmoja. Alibeba mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, saa nzima ya kutembea. Niliyarudisha maziwa yake mara ya kwanza, akashangaa. Mara ya pili akasema, "Baba Kendi, niliosha mtungi na maji ya moto mara mbili." Mara ya tatu aliubeba mtungi, akaondoka. Mara ya nne nilimwambia mbele ya watu, kwa sauti, aangalie usafi wa zizi lake. Namkumbuka akifunga mfuniko polepole, akiubonyeza kila upande. Jioni hiyo mtu akaandika kwenye grupu ya simu ya wakulima kwamba kuna watu wanataka kutuharibia tangi kwa uchafu wao. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Mama yule hakurudi tena, na hata kanisani watu waliacha kunywa chai ikifika zamu yake ya kuipika.

Wakati huo wote nilikuwa na "sainasi" yangu. Tundu la kulia limeziba, shavu la kulia zito, kamasi inanishuka kooni. Nilikuwa nimekunywa antibayotiki za kemisti mara tatu. Mke wangu, Mama Kendi, alikuwa amehamisha mto wake ukutani. Alisema anatafuta joto.

Ikafika Jumamosi moja. Daktari alichelewa, akaja wa mwisho kabisa na mtungi wake mmoja, watu wote wameshaondoka. Nikafungua. Nikainama. Nikarudisha kichwa nyuma.

"Daktari, pole. Hii inanuka."

Wengine wakikataliwa walilia, wengine waliondoka wakinuna. Yeye aliweka mikono mfukoni mwa sweta akaniangalia shavu.

"Inanuka upande gani?"

"Upande gani vipi? Harufu haina upande."

"Ziba tundu la kulia, inama tena."

Nilitaka kukataa, lakini ni Daktari. Nikaziba la kulia, nikainama, nikavuta hewa kwa la kushoto. Maziwa mabichi. Majani. Joto la ng'ombe. Hakuna kingine.

"Sasa ziba la kushoto."

Nikaziba la kushoto. Ikanijia, ile harufu, kama panya aliyekufa chini ya kabati. Nikainua kichwa, nikasogea mbali na mtungi hatua kadhaa, nikainama juu ya saruji tupu. Ikanijia tena.

"Leta ile spiriti yako," akasema.

Nikaileta. Nikachanganya kwenye kijichupa, nikakitikisa, nikakiinua juani. Maziwa yalikuwa laini tupu, hata punje moja haikushika kwenye kioo. Tulikitazama wote wawili. Nilimfikiria yule mama na kamba yake kwenye paji la uso, nikaketi pale pale kwenye jukwaa.

"Jumatatu uje," Daktari akasema. "Na usipime maziwa ya mtu mpaka nikuambie."

Jumatatu alinikalisha, akamulika pua, akauliza kama nimeingiza kitu. Kisha akaniambia niiname kama anayechimba waru, nieleze uzito unakwenda wapi. Akageuza kile kioo chake kidogo na kugonga meno ya juu kwa mpini, moja moja, kutoka kushoto. Gego la kwanza la kulia halikuuma. Ila lilitoa mlio tofauti, mzito, na nilipobanwa ufizi juu yake niliruka.

"Hili liliwahi kuuma?"

Nikakumbuka. Miaka miwili nyuma niliuma kijiwe nikila githeri. Jino liliniliza wiki nzima, kisha likanyamaza lenyewe. Nilidhani limepona.

"Lilikufa," Daktari akasema. "Jino likifa linanyamaza, na nyinyi mnafurahi."

Alimwita Mama Kendi pia, akamuuliza nyuma ya pazia kama nanuka. Mke wangu akasema, "Daktari, ni mwaka sasa. Nilikuwa naogopa kumwambia, kwa sababu anajivunia hiyo pua yake." Sijawahi kuona aibu namna ile, na sijawahi kumpenda mke wangu kama nilivyompenda siku ile.

Akanituma Meru mjini kupigwa eksirei. Picha ikarudi kwenye simu yake, akanionyesha: chumba cha kushoto cheusi, yaani kina hewa, cha kulia kijivu, kimejaa, na chini yake mizizi mitatu, mmoja umechomoza kwenye sakafu, sawasawa na kijiti cha kiberiti kwenye waru. Jino lilikuwa na ufa mpaka kwenye mizizi. Mara hiyo hakunibembeleza nilihifadhi. Akanichoma ganzi, akaling'oa kwa utulivu, vipande viwili, na usaha ukashuka, chumba kizima kikanuka mpaka akafungua dirisha. "Sasa umeona ni nani alikuwa anaharibu tangi," akasema.

Palibaki kijitundu kati ya mdomo na kile chumba cha juu. Akakifunika kwa pamba na kukishona, akanipa dawa, maji ya chumvi ya kusafishia pua, na amri zake: nisipenge pua wiki mbili, nisinywe kwa mrija, nilale kichwa juu, na nikipiga chafya nifungue mdomo wote. Kama kijitundu kisingefunga, ningeenda kwa daktari wa upasuaji, na kama chumba kisingejisafisha, kwa daktari wa pua. Bahati nzuri kilifunga. Zile wiki nilimwambia meneja nina homa, nikakaa nyumbani nikipiga chafya mdomo wazi, watoto wangu wakicheka hadi machozi. Wiki ya nne niliamka nikasikia harufu ya ucuru, uji wa Mama Kendi, ukichemka jikoni, upande wa kulia na wa kushoto. Nililia.

Nilipokwenda kumshukuru, Daktari alikuwa akikoroga chai yake ya vijiko vitano.

"Mimi nimetoa jino," akasema bila kugeuka. "Uchafu uliompaka yule mama utautoa mwenyewe. Mimi siwezi. Kitu niliona kwa mdomo wako, siwezi kukisema nje."

Nikapanda mpaka kwa mama yule siku ya Jumapili, na sukari na majani ya chai. Nikamwambia ukweli wote jikoni kwake, tumekaa kwenye viti vifupi. Alinisikiliza. Akanipa chai yenye maziwa, nikainywa yote. Akasema, "Nimesikia, Baba Kendi." Nikashuka mlima nikijisikia mwepesi.

Daktari alipouliza, nikamweleza. Aliweka kikombe chini.

"Ulimwaibisha kwa laini. Ukamwomba msamaha jikoni."

Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa zuri. Mpimaji ambaye pua yake ilioza akiwa kazini, nani angemwacha kazini? Wangehesabu kila mtungi nilioukataa. Nina watoto shuleni. Nilimwambia Daktari, "Nitasema, lakini si sasa." Hakunilazimisha. Tangu wakati huo naweka spiriti kwenye kila mtungi ninaoutilia shaka, hata wa mwenyekiti, na nilijidanganya kwamba hiyo inatosha. Mama yule hakuleta maziwa, mwezi, mwaka, miaka mitatu. Nilidhani ameuza ng'ombe. Ni wakati huohuo Daktari alipoanza kuja na mitungi miwili.

Nilikuwa nayapenda maziwa ya mtungi ule wa pili. Nilimtania kila mara. "Daktari, huyo ng'ombe wako wa pili unamlisha nini?" Naye alikuwa akisema, "Muulize yeye."

Mwaka huu alistaafu. Alikuwa anarudi kwao Embu, mizigo imeshafungwa, ile waru ya dirishani amemwachia kijana aliyechukua nafasi yake. Asubuhi yake ya mwisho hakuja mwisho wa laini. Alikuja katikati, watu wamejaa, na nyuma yake alikuwa yule mama, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

Nikapima mtungi wa kwanza. Sawa. Mama akashusha wake mwenyewe, akaufungua. Nikainama, na nikayatambua kabla sijamaliza kuvuta pumzi: ni yale maziwa ya ng'ombe wa pili. Nikasema, "Sawa," kama nilivyosema kila asubuhi kwa miaka mitatu.

Daktari akawageukia watu. "Nawaaga. Kesho siko. Huyu mama ataleta maziwa yake mwenyewe, kwa sababu huyo ng'ombe wa pili mnanichekea naye, ni wake. Amekuwa wake tangu mwanzo. Mimi ng'ombe mmoja ananitosha kuogopa."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akauliza, "Si huyu ndiye wa ile maziwa mbaya?"

"Na si mpimaji mwenyewe aliikataa?" mwingine akasema.

Wote wakanitazama. Daktari hakunitazama. Alikuwa akifunga vifungo vya sweta yake, kimoja kimoja, na nilijua kwamba hata nikinyamaza mpaka kesho hatasema neno. Ataondoka na siri yangu mpaka Embu, na huyu mama hatakuwa na mtu wa kumpitishia maziwa. Uongo nilikuwa nao tayari. Ningesema mama amerekebisha usafi. Wangeamini, maana pua yangu haibishaniwi.

"Maziwa ya huyu mama hayakuwahi kuharibika," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, nikarudia kwa nguvu. "Hata siku moja. Kilichooza kilikuwa jino langu. Usaha wake ulipanda mpaka kwa pua. Nikiinama nilisikia harufu yangu mwenyewe, nikamsingizia yeye. Na wengine wenu wa mwisho wa laini. Nimejua miaka mitatu, na nimenyamaza."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Mwenyekiti akasema, "Hiyo tutaongea kwa ofisi," na nilijua tutaongea kweli. Lakini mama yule hakumtazama mwenyekiti wala laini. Alinitazama mimi.

"Inama tena," akasema.

"Mama?"

"Ile siku ulinusa watu wakiona. Inama tena."

Nikainama juu ya mtungi wake, mbele ya laini nzima. Nikaziba tundu la kulia, nikavuta. Nikaziba la kushoto, nikavuta. Sikufanya haraka. Nikamsikia Daktari nyuma yangu, kwa ile sauti yake ya Embu, akiuliza taratibu, "Inanuka upande gani?"

"Hainuki upande wowote," nikajibu, nikimtazama mama. "Iko safi. Imekuwa safi siku zote."

Mama akaifungua ile kamba kwenye mtungi wake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Basi mimina," akasema. Nikamimina.